Mkokoteni Una Programu ya Simu, Lakini Hauna Breki

Leo sitaeleza jinsi ya kuharakisha tovuti wala jinsi ya kuondoa virusi kwenye tarakilishi. Leo nimekuja kugombana. Ugomvi wenyewe ni juu ya neno moja, "uvumbuzi", na jinsi sisi watu wa programu tulivyolinyakua tukalifanya mali yetu peke yetu.

Ili nieleweke, itabidi nianzie mbali kidogo, kwenye theluji. Kuna kifaa kinaitwa ubao wa theluji, na historia yake inaniuma kila nikiifikiria nikiwa kwenye miteremko ya kwetu. Msikimbie! Tutarudi Gakoromone kabla chai haijapoa.

Kwa wale ambao hawajakiona: ni ubao mmoja mwembamba, urefu wake unakaribia kidevu cha mtu mzima, ncha zote mbili zimeinuka kidogo. Mtu anasimama juu yake kiubavu, miguu yote miwili imefungwa, anateremka mlima wenye theluji. Hauna injini. Hauna usukani. Hauna breki, angalau breki ya kuonekana kwa macho. Hilo la breki lishikeni, ndilo kiini cha makala haya.

Walioanza hawakuwa na maabara

Siku ya Krismasi mwaka 1965, katika mji wa Muskegon, jimbo la Michigan kule Marekani, mhandisi aitwaye Sherman Poppen alitaka binti zake wapate kitu cha kuchezea nje. Wenzetu wa nchi za baridi wana ski, zile mbao mbili nyembamba, kila mguu na wake. Poppen akachukua ski mbili akaziunganisha zikawa ubao mmoja. Mkewe akaubatiza Snurfer. Baadaye ukafungwa kamba puani ili mtu apate cha kushikilia. Kampuni ya Brunswick ikapewa leseni ya kuutengeneza, hataza ikatoka mwaka 1968, na mbao hizo zikauzwa kwa mamia ya maelfu.

Miaka miwili kabla ya Poppen, mwaka 1963, mvulana wa darasa la nane katika jimbo la New Jersey, Tom Sims, alikuwa ametengeneza ubao wake wa kutelezea theluji katika karakana ya shule, kama kazi ya somo la useremala. Darasa la nane! Alipokua alianzisha kampuni iliyokuwa miongoni mwa kubwa katika fani hiyo.

Kule Utah, miaka ya 1970, Dimitrije Milovich aliunda mbao zenye mkia uliogawanyika mfano wa mbayuwayu, akaziita Winterstick. Mwaka 1977, Jake Burton Carpenter alianza kutengeneza mbao zake katika kijiji cha Londonderry, jimbo la Vermont. Alijaribu mbao za namna nyingi, akavunja, akaunda tena, karibu majaribio 100 kabla ya kupata ubao wa kuuza. Msimu wa kwanza aliuza kama 300 hivi. Kampuni hiyo, Burton, ndiyo jina kubwa zaidi la mbao za theluji duniani leo.

Sasa angalieni orodha hiyo. Baba aliyetaka watoto wacheze. Mtoto wa shule na msumeno. Kijana aliyependa mawimbi ya bahari. Kijana mwingine ndani ya karakana kijijini. Wangekuwa Kenya tungewaita jua kali, na tungewapita tukielekea kwenye semina ya uvumbuzi hotelini.

Kwenda ni rahisi, kusimama ndiko kazi

Mbao za kwanza zilijua kwenda tu. Kwenye theluji laini ungeweza kubahatisha kugeuka. Kwenye theluji ngumu uliteleza kama sabuni hadi mlima uishe au mti ukupokee.

Kwa hiyo karibu kila kitu kilichoongezwa tangu hapo kilijibu swali lile lile: mtu ataumiliki vipi mteremko?

Kwanza, ukingo wa chuma. Pande zote mbili za ubao, chini, zilitiwa ukanda mwembamba wa chuma, jambo ambalo watu wa ski walikuwa wakilifanya tangu zamani. Pili, kiuno. Ubao wa theluji una kiuno kama mtu: mpana kwenye ncha, mwembamba katikati. Ukiulaza ubavu, ule ukingo uliopinda unakuwa kipande cha duara, na ubao unafuata duara hilo wenyewe. Ndivyo unavyokata kona. Ukiukingamisha na mteremko na kuulaza zaidi, chuma kinang'ata theluji, unasimama. Yaani breki ni ubao mzima.

Tatu, mafungio ya miguu. Mwanzoni yalikuwa mikanda tu. Mtu akitaka kuegemea nyuma ili ukingo wa upande wa kisigino ung'ate, nguvu zilipotelea kwenye kifundo cha mguu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Jeff Grell alitengeneza fungio lenye kiegemeo kigumu nyuma ya buti. Kitu kidogo sana! Lakini kuanzia hapo mtu akiegemea nyuma, uzito wake wote unafika kwenye ukingo mara moja. Milima yenye theluji ngumu ikaanza kupitika.

Hawakuishia hapo. Miaka ya 1990 mapema, kampuni ya Voile ya Utah ilitengeneza ubao unaogawanyika vipande viwili, ili mtu apande mlima navyo kama ski kisha avifunge pamoja ateremke. Tena waliuza vifaa vya kukuwezesha kukata ubao wako mwenyewe nyumbani kwa msumeno. Miaka hiyo hiyo K2 pamoja na Shimano, ndiyo, Shimano ile ya gia za baiskeli, walileta fungio la kubana kwa kukanyaga tu. Halikudumu. Burton walilirudia wazo hilo kwa namna nyingine mwaka 2017, likafanikiwa. Katikati ya miaka ya 2000, kampuni ya Mervin ya jimbo la Washington ilitoa ukingo wenye mawimbi mawimbi kama kisu cha kukatia mkate, ili ung'ate barafu sehemu nyingi. Tena ikageuza mpinde wa ubao: badala ya katikati kuinuka kama daraja, katikati ikashuka na ncha zikainuka, kama ndizi. Ukaitwa hivyo hivyo, Banana. Wameru, hapo nasubiri asilimia yetu.

Mtu wa programu akiisoma historia hii anaitambua haraka. Ni orodha ya marekebisho, toleo baada ya toleo. Mtumiaji anaanguka, anarudi karakanani, anarekebisha, anajaribu tena kesho yake. Na kwa wengi wao mtumiaji na fundi ni mtu mmoja.

Kumbukeni mwaka 1979

Kuna tukio moja katika historia hii ambalo ningependa kila anayeandaa shindano la uvumbuzi Meru na Embu alikariri.

Mwaka 1979 kulikuwa na mashindano ya Snurfer kule Michigan. Jake Burton Carpenter akatokea na ubao aliouunda mwenyewe, wenye mafungio ya miguu. Washindani wakalalamika: hii si Snurfer, haimo kwenye kanuni. Na kweli, haikuwemo. Waandaaji wangeweza kumrudisha nyumbani. Wakafungua kitengo kipya, kitengo huria, akashindana humo na kushinda.

Hapo ndipo kanuni zilimsogelea mvumbuzi. Si kila mtu alikuwa na moyo huo. Katikati ya miaka ya 1980 sehemu nyingi za kuteleza Marekani zilikuwa bado zinakataza mbao za theluji, wakitaja usalama na bima, na kituo cha kuteleza cha Alta huko Utah kinazikataza hadi leo. Lakini kitengo kile kimoja kilitosha kuweka mlango wazi. Kufikia mwaka 1998, ubao wa theluji ulikuwa mchezo wa Olimpiki kule Nagano, Japani.

Nagano hiyo hiyo ndipo Mkenya Philip Boit alipokimbia kilomita 10 za ski, akamaliza wa mwisho, wa 92, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe akamsubiri kwenye utepe amkumbatie. Tulilia kwa furaha. Lakini tukumbuke pia kwamba alikuwa amepelekwa Finland kufundishwa, na aliyegharamia ni Nike. Miguu ilikuwa yetu, vifaa vyote vya watu.

Barafu itakwisha, mteremko utabaki

Najua mtu ameshaanza kusema: kijana, sisi theluji ya nini? Tunayo moja tu, ile ya Kirimara, na hata hiyo tunaiona asubuhi kabla mawingu hayajafunga.

Ni kweli, na hata hiyo inatuaga. Barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote katika Mlima Kenya, imepimwa tangu mwaka 1934. Kati ya mwaka huo na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limeonya kwamba barafu za mlima huu zinaweza kuisha kabisa katika miaka ya 2030. Kwa hiyo hapana, sipendekezi tufungue kiwanda cha mbao za theluji Nkubu.

Ninachosema ni kwamba mlima ule ule ulioshika barafu ndio uliotupa miteremko. Meru yote imeinama. Embu ukitoka Manyatta kushuka mjini umeinama. Barabara ya kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka hadi Meru inashuka mtoni na kupanda, inashuka na kupanda, hadi masikio yanaziba. Watu wetu wanaishi kwenye mteremko na kufanya kazi kwenye mteremko. Na kifaa chao kikuu cha mteremko ni mkokoteni.

Haya basi, tuutazame mkokoteni kwa jicho lile lile tuliloutazamia ubao.

Mkokoteni wa kwetu una ekseli ya gari kuukuu, magurudumu mawili, jukwaa la mbao, mikono miwili mbele, na mtu mmoja katikati ya mikono hiyo. Nyuma, chini ya mkia, kumepigiliwa kipande cha tairi. Hiyo ndiyo breki. Kwenye mteremko mwenye mkokoteni anainua mikono ile juu, mkia unashuka, tairi linakwaruza lami. Mara nyingine utaona miguu yake haigusi chini vizuri.

Ni wazo zuri. Fundi wa kwanza aliyelifikiria alistahili tuzo. Lakini tufanye hesabu kidogo, mfano tu, kila mtu aweke namba zake.

Mkokoteni na mzigo, tuseme kilo 500: magunia ya viazi, au ndizi, au mitungi ya maji. Mteremko wa asilimia 6, yaani kila mita 100 unashuka mita 6. Nguvu inayousukuma mkokoteni chini ni asilimia 6 ya kilo 500, sawa na uzito wa kilo 30. Magurudumu yenyewe yanazuia kidogo, tuseme kilo 7. Zilizobaki, kilo 23, ni za breki.

Mwenye mkokoteni anainua mikono kwa nguvu ya kilo 30. Kutoka ekseli hadi anaposhika ni mita 1.8, kutoka ekseli hadi kwenye tairi la mkia ni mita 1.2. Kwa kanuni ya wenzo, tairi linaikandamiza lami kwa kilo 45. Mpira kwenye lami kavu unaweza kukupa msuguano wa 0.6, yaani kilo 27. Zinatosha. Anashuka salama.

Mvua ikinyesha, na Meru mvua haiombi ruhusa, msuguano unashuka, tuseme 0.4. Unabaki na kilo 18. Hazitoshi. Mteremko ukifika asilimia 10, nguvu ya kusukuma ni kilo 50, na hata lami ikiwa kavu hesabu inakataa. Ukiongeza kwamba mikono inachoka, kwamba tairi la mkia limelika, kwamba nyuma kuna lori na mbele kuna watoto wa shule, mnaona wenyewe.

Tatizo hapo si uzembe wa mwenye mkokoteni, kama wenye magari wanavyopenda kusema wakipiga honi. Tatizo ni kwamba breki yote inategemea misuli ya mtu ambaye tayari amebeba mzigo. Ni ubao wa theluji kabla ya Grell: nguvu inapotelea mwilini badala ya kufika kwenye ukingo.

Na kuna jambo la kuudhi zaidi. Ile ekseli ilipokuwa kwenye gari ilikuwa na breki! Gari lilikuwa na breki za magurudumu, na breki ya mkono yenye waya wa kuvuta. Kifaa kilipohama kutoka kwa mwenye gari kwenda kwa mwenye mkokoteni, magurudumu yalihama, breki ikaachwa kwenye vyuma chakavu. Labda kuna sababu nzuri: gharama, uzito, ngoma zilizokwisha, vumbi. Labda breki ya nyuma ya pikipiki kuukuu ingefaa zaidi, sasa kwa kuwa zimejaa kila kona. Sijui mtu hapa kwetu aliyelipwa hata wiki moja kulipima jambo hilo na kuandika majibu. Jake Burton Carpenter alipata nafasi ya kukosea karibu mara 100. Fundi wetu akikosea mara moja amekosa karo ya muhula.

Neno liliibwa vipi

M-Pesa ilikuja mwaka 2007. Ushahidi ikafuata mwaka 2008. Dunia ikatutazama, nasi tukajitazama, tukapendeza. Sina ubishi, ni kazi kubwa, na nikiwa mtu wa programu ninakula kwa sababu ya mlango uliofunguliwa wakati ule. Lakini tangu hapo, ukisema "mvumbuzi kijana" picha inayokuja ni ya kijana mwenye kipakatalishi na fulana iliyoandikwa kitu.

Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria shindano la uvumbuzi katika mji mmoja wa huku kwetu. Sitataja waandaaji. Kijana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amekuja na mchoro wa breki ya mkokoteni na kipande cha chuma alichokitengeneza tayari. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na nafasi mbili za lazima: anwani ya tovuti, na jina la programu. Akaambiwa kazi yake ni ya sanaa na ufundi, asubiri maonyesho ya kilimo. Alikunja mchoro wake akaketi nyuma, akatazama hadi mwisho.

Zawadi mojawapo ilikwenda kwa programu ya kuita mkokoteni kwa simu.

Nirudie, kwa sababu nilipowaeleza marafiki walidhani natania. Tulitoa zawadi ya kuufanya mkokoteni uje haraka, na tukamrudisha nyumbani aliyetaka kuufanya usimame.

Najua mtasema nini

Mtasema: programu inaenea, chuma hakienei. Ukiandika programu leo, kesho iko Lodwar na Lusaka. Ni kweli kwamba nakala ya programu ni bure. Lakini mchoro nao ni faili. Kipimo ni faili. Video ya dakika tano ya fundi akionyesha jinsi ya kuunga waya wa breki inafika Lodwar haraka kama programu yoyote, na kule kuna fundi mwenye ekseli ile ile ya gari lile lile. Wale wa Voile waliowauzia watu vifaa vya kukata mbao zao wenyewe walilielewa hilo kabla wengi wetu hatujaona intaneti.

Mtasema: mkokoteni ni umaskini, tuachane nao, tununue tuktuk. Vizuri. Mtanunua lini, na nani atamnunulia? Hadi siku hiyo ifike, kuna mtu atashuka na magunia kesho asubuhi. Ubao wa theluji nao uliitwa mchezo wa watoto kwa miaka mingi.

Mtasema: hatuna malighafi wala mitambo. Jamani! Moyo wa ubao wa theluji hadi leo ni mbao, mara nyingi miti myepesi inayokua haraka, hata mianzi. Sisi mashamba yetu yamezungushiwa grevilea, ile mukima, kutoka Embu hadi Imenti. Vyuma chakavu tunavyo. Wachomeleaji tunao. Kinachokosekana ni muda wa kukosea na mtu wa kuandika kilichotokea.

Basi tufanye nini?

Sipendi makala yanayolia tu, kwa hiyo haya ndiyo madai yangu.

Moja. Kila shindano la uvumbuzi Meru na Embu lifungue kitengo cha vifaa, kama walivyofanya Michigan mwaka 1979. Fomu isiulize anwani ya tovuti. Iulize: kifaa kinatatua nini, umekijaribu mara ngapi, kiliharibika wapi.

Mbili. Karakana zifunguliwe. Tuna Meru National Polytechnic, tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, tuna Chuo Kikuu cha Embu. Zaidi ya hayo, Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaziweka taasisi za ufundi za vijijini chini ya kaunti. Maana yake gavana hahitaji kuomba ruhusa Nairobi ili Jumamosi moja kwa mwezi fundi wa jua kali aingie atumie mashine za kukatia na kupimia, mwanafunzi akiwa pembeni anaandika. Tom Sims alipewa karakana ya shule akiwa darasa la nane. Fundi wetu ana miaka 40 na bado anaangalia mashine kupitia dirishani.

Tatu. Mafundi waelezwe haki zao. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 haitambui hataza ya miaka 20 peke yake. Inatambua pia ulinzi wa miaka 10 kwa maboresho madogo ya vifaa, ambao masharti yake ni mepesi zaidi. Ofisi inayohusika ni KIPI. Fundi anayeogopa kuibiwa wazo hulificha, na wazo lililofichwa halipati toleo la pili. Asiyetaka kulilinda naye ajue kwamba anaweza kulitoa wazi kwa wote, kama sisi tunavyofanya na programu huria.

Nne, na hili ni letu sisi wa programu. Tunajua mambo ambayo fundi hakufundishwa: kuhesabu matoleo, kuandika hitilafu, kutofuta toleo la zamani kabla la jipya halijathibitika. Basi tuyapeleke Gakoromone. Chukua kamba ya kupimia, mizani na simu yenye kipima mteremko. Andika mambo matano tu: uzito wa mzigo, asilimia ya mteremko, lami kavu au mbichi, aina ya breki, na mita ngapi hadi kusimama. Pima kwanza kwenye mteremko mfupi wenye ukuta wa magunia mwishoni, msinifanye nishtakiwe. Mikokoteni 10, siku mbili, mtakuwa na jedwali ambalo sijaona mtu hapa kwetu akiwa nalo. Kutoka hapo fundi atajua abadilishe nini, na tutajua kama amefaulu.

Malipo? Fundi alipwe. Siku anayojaribu breki ni siku asiyochomelea mageti. Kama shindano lina fedha za fulana na chakula cha hotelini, lina fedha za siku mbili za fundi.

Nikimaliza, naomba jambo moja kwa wenzangu wa kipakatalishi. Mara nyingine ukiitwa mvumbuzi jukwaani, kabla hujashika kipaza sauti, tupa jicho kwenye viti vya nyuma. Kama kuna mtu amekunja karatasi mkononi, mpe dakika zako tano aikunjue.

Haya, nimemaliza ugomvi kwa leo. Wiki ijayo turudi kwenye hifadhidata. Kwaherini.